Mgongo wa Badawi

"Nenda," Badawi alisema kwa mara ya kumi na moja. "Nenda, mwana wa watu. Mtaro tu huu, hauna meno."

Tufani hakwenda. Alikita miguu yote minne ukingoni, akautazama mtaro mkavu ambao mbuzi wa mtaa wa Tudor huuruka huku wakitafuna. Badawi alikuwa ng'ambo, kikoi kimejaa vumbi, kamba mkononi. Tangu alfajiri alikuwa ameuruka mwenyewe mara nyingi mno, akenda akarudi, kumwonyesha. Kama pangekuwa na mashindano ya kuruka kwa masaisi, watunza farasi, angeshinda.

Jina la Tufani alipewa siku aliyozaliwa, kabla tabia yake haijajulikana. Farasi jike wa miaka minne, miguu mirefu, moyo wa kuku. Aliogopa magogo, maji, hata nguo zilizoanikwa. Na siku zilibaki kumi na mbili ajaribiwe. Mwenye farasi, Mzungu wa forodhani, alikuwa akifunga masanduku arudi kwao, kama wengi wenzake mwaka ule wa sitini na nne. Farasi wake wakubwa walikwisha kupata wanunuzi. Huyu mmoja alisubiri kupimwa na mnunuzi, Bibi Ketty wa Molo, aliyekuwa akishindana kuruka mitaro na kuta huko mashambani. Akimkataa, bwana alishasema kwa upole, ni risasi moja, kuliko kumwacha ateseke mikononi mwa asiyemjua. Huruma ile ilimchefua Badawi.

Ilimchefua zaidi kwa kuwa hakuna saisi Mombasa aliyemlea farasi kama yeye. Tangu Tufani ni mtoto, kila asubuhi alimshika kamba akamtangulia, akampitisha mjini azoee watu. Kikitokea kitu cha kutisha, yeye hujitia kati, kimkute yeye kwanza. Sasa malipo yake ndiyo haya.

Kesho yake, mjini katika barabara ya Ndia Kuu, muuza mazulia alikuwa ametundika zulia jekundu mlangoni. Tufani akaliona, akasimama katikati ya njia. Badawi akavuta. Akabembeleza. Akatukana kwa sauti ya chini. Mikokoteni ikajipanga nyuma yao, na wanawake wawili wenye buibui wakaficha vicheko.

Punda aliyebeba chokaa akaja, peke yake, akalipita zulia bila kuligeukia. Hatua kumi nyuma yake akaja Kaingu, mwenye punda, mikono nyuma, kama mtu anayetembea kupunga upepo.

"Bwana Badawi, umeziba ndia."

"Mwambie yeye."

"Kwani yuwaogopa nini?"

"Zulia. Jana mtaro. Kesho labda kivuli chake. N'shamfundisha mpaka n'mechoka, Kaingu. N'mechoka naye mpaka mifupani."

"Ulikuwa ukimfundisha umesimama wapi?"

"Wapi tena? Hapa mbele yake."

Kaingu akacheka. "Basi ndia hajaiona bado. Miaka yote hiyo yuwatazama mgongo wako. Mimi punda wangu nikimtangulia, hatanifaa kitu. Kaa nyuma."

Badawi alikasirika. Miaka thelathini na farasi, leo afunzwe na mtu wa punda. Alikasirika njia nzima hadi Tudor, na alipofika bandani hasira ikamgeukia mwenyewe, maana kila alipojitia kati, ndipo alipokuwa akimwambia mnyama kwamba pana hatari. Alikaa juu ya ndoo muda mrefu, ameona haya.

Akafunga kamba mbili ndefu kwenye lijamu mdomoni mwa Tufani, akaenda nyuma. Siku ya kwanza Tufani aligeuka kumtafuta, akazunguka, akamviringishia kamba saisi wake kama mzigo wa posta. Siku ya pili walisimama saa nzima mbele ya dimbwi. Kazi ngumu ilikuwa kunyamaza. Miguu ya Badawi ilitaka kukimbilia mbele, na yeye aliikaza mahali pake huku akisaga meno. Siku ya tano Tufani alivuka gogo. Siku ya tisa aliunusa mtaro, akashusha shingo, akauruka vibaya, kisha akapiga chafya kama aliyeudhiwa. Badawi alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Ikaja siku yenyewe. Bibi Ketty alipanda, akamzungusha uwanjani, akamwelekeza kwenye mtaro. Bwana alisimama kivulini, mikono mfukoni. Tufani alikwenda vizuri, masikio mbele, halafu mwendo ukaanza kumpungua. Shingo ikapinda. Alikuwa akimtafuta Badawi, na Badawi alikuwa pale pale kando ya uwanja, akionekana wazi na kikoi chake cheupe.

Hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alipiga hatua tatu, akaingia nyuma ya banda, akasimama uso ukutani. Chokaa ilimkwaruza paji. Kutoka pale hakuona uwanja, wala mtaro, wala farasi.

Kwato zilikuwa zikija. Zikapungua. Zikanyamaza.

"Mimi sipo," Badawi alinong'ona. "Sipo, mwanangu. Nenda."

Kimya kilirefuka. Kisha, kutoka ng'ambo ya mtaro, ardhi ikapokea pigo zito, na kwato zikaanza tena, moja, mbili, zikashika mwendo, zikazidi kwenda mbali. Yeye akabaki pale na ukuta wake, akisikiliza, asithubutu kuchungulia.