Vidonge vya Mzee Nyangwine

Steven alikuwa na kalamu mbili mfukoni na maneno mengi mdomoni. Hospitalini yeye alikuwa mwanafunzi wa utabibu, Abdurahmani wa famasi, Wegesa wa uuguzi, na mwalimu wao, Bi Scholastica, alikuwa na mtindo wake: mgonjwa mmoja, faili moja, sahihi zao tatu. Siku ya kwanza tu Steven alishatangaza, "Muuguzi anapima, mfamasia anahesabu, tabibu ndiye anayeamua." Wegesa hakulisahau neno hilo.

Mgonjwa wao alikuwa Mzee Nyangwine, mfugaji wa Gorong'a aliyelazwa wodini. Miezi mitatu alikuwa kwenye dawa ya presha, na presha haishuki ng'o. Abdurahmani, mtoto wa muuza vitambaa wa Mugumu, alikagua pakiti: vidonge thelathini, siku thelathini, hakuna kilichobaki. Basi mzee anameza. Steven akaandika dozi iongezwe mara mbili, na dawa nyingine juu yake. Ilibaki sahihi ya Wegesa, na mwalimu angepita saa nne.

Wegesa alikwenda kupima presha mara ya mwisho. Mke wa mzee alikuwa ameleta chai. Mzee alikata chapati katikati, akampa nusu jirani wa kitanda cha pili, ndipo akaonja yake. Wegesa alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo hiyo, ambamo hali mtu peke yake. Wazo likamjia.

"Tata," aliuliza, akimwita baba kwa Kikurya, "na vidonge je, navyo unagawa?"

Mzee akamshangaa. "Sasa nimeze peke yangu, Magige ananiangalia? Magige ni rika langu, tulitahiriwa siku moja. Kichwa kinamuuma kama changu. Leo mimi, kesho yeye."

Kumbe! Na wodini hakuna Magige. Mzee angemezeshwa dozi yote ile mpya, kila siku, na presha ingeshuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Wegesa aliogopa kweli. Halafu, tusifichane, akapata wazo baya: amwache Steven aanguke mbele ya mwalimu, ndipo yeye aseme. Aliuonja utamu wake kidogo, akaona aibu. Mzee wa watu si fimbo ya kumchapia mtu.

"Njooni hapa, wote wawili," aliwaita. "Mwulizeni wenyewe."

Steven alisikiliza hadi mwisho. Akatoa kalamu, akafuta kwa mstari yote aliyoandika. "Ningemuua," alisema.

"Na mimi nilihesabu vidonge," alisema Abdurahmani, "sikuhesabu midomo."

Saa nne Bi Scholastica alifungua faili. "Nani amefuta hapa?"

"Mimi, mwalimu. Wegesa amenizuia, na amefanya vizuri." Steven hakuongeza neno, na kwake huo ulikuwa muujiza.

Mchana wakamwita Magige, akaletwa na bodaboda. Steven akampima, presha yake ilikuwa juu pia. Kwa idhini ya mwalimu, Abdurahmani akampa pakiti yenye jina lake. Wegesa ndiye aliyewapa wazee sharti: kila asubuhi, kila mmoja amwone mwenzake akimeza. Wakacheka. Hilo waliliweza.

Mzee Nyangwine aliwatazama wale watatu walioinamia faili la Magige. "Na nyie," aliuliza, "ni rika moja?"

Steven alimsogezea Wegesa faili, atie sahihi kwanza.

"Ni rika, tata," alisema Wegesa. "Tangu asubuhi."