Mwimbaji Asiyepumua

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga jikoni kwa Dinah. Alichemsha tangawizi ya kulainisha koo. Siku hiyo mjukuu wake Lydia alikuwa akiolewa, na hakuna msichana wa ukoo wao pale Garsen aliyewahi kuolewa bila Dinah kumwimbia na kuwataja mama zake wote, mpaka wale waliozikwa kabla mto haujahama.

Lakini mwaka huo wa tisini na tisa, upande wa bwana harusi walikuja na George kutoka Mombasa, na kompyuta aliyoifunga blanketi kama mtoto mwenye homa. George alimpa Dinah kiti chake mwenyewe, kisha akawasha jenereta. Sauti ya mwanamke ikatoka, nyororo kama mafuta ya nazi.

“Anajua kuimba,” Dinah alikiri. “Ni mwana wa nani?”

“Si mtu, nyanya. Nimemtengeneza humu ndani. Hata ngoma hiyo hakuna aliyeipiga.”

Dinah akamgeukia Lydia. “Umesikia? Si mtu.”

“Nimesikia, nyanya. Lakini miguu haiulizi mwimbaji kazaliwa wapi.” Akamrekebishia bibi yake leso begani, akaenda kucheza.

George alikuwa amesahau jambo moja tu: hakumpa mwimbaji wake pumzi. Wachezaji walivuta hewa wimbo ulipoanza, wakangoja atue ndipo waitoe, kama walivyozoea. Hakutua. Kufikia ubeti wa tatu walianza kuinuka.

Wanawake walikaza leso kwanza, wakapaa kwa heshima. Bwana harusi alifika usawa wa paa, akamshika Lydia mkono asichomwe na makuti. Hirbo, jirani yao mfugaji wa kabila la Waorma, alileta kamba za ndama, akawafunga vifundo vya miguu mmoja mmoja, akianza na wazee.

“Ndama wangu wana akili,” alisema. “Wakiruka, hurudi.”

George alizima mashine. Hawakushuka, kwa maana wimbo uliokatwa si wimbo uliotua.

Basi Dinah akasimama akaimba. Sauti ilikwaruza kidogo. Alimtaja mama wa Lydia, akatua kuvuta pumzi. Huko juu wote wakashusha pumzi, wakateremka shubiri moja. Akamtaja bibi wa upande wa mama, wakateremka tena. Kwa jina la saba visigino vya Lydia vikagusa mchanga.

Walimpigia makofi ya kweli. “Asante sana, nyanya,” wakasema. “George, washa.”

Majina yaliyobaki Dinah aliyamalizia kitini, kwa sauti ndogo. Hirbo, ambaye hakumjua hata mmoja wa mama hao, aliitikia kila jina.

Baadaye Rachael, mama wa bwana harusi, alimletea pilau iliyofunikwa vizuri, na finyango kubwa ya nyama juu yake.

“Jumamosi Isaac wetu anaoa kule Chara,” alisema. “Tunakuomba ufike.”

“Nije kuimba?”

Rachael alitazama sahani. “Kuwashusha watu, nyanya. Kuimba ataimba yule wa George.”

Ngoma ilikuwa imeanza tena, na tayari miguu ya Rachael ilikuwa inaachana na ardhi. Dinah alimshika pindo la leso, akamzuia hapo karibu mpaka amalize kusema.

“Usikose, nyanya,” Rachael akasema. “Uje tena.”