Dada wa Mwenye Kituo

Mafuta yalipopanda bei tena, kata nzima ilinikalia kooni. Wenye pikipiki walinifuata hadi sokoni, na akina mama wa mboga wakanipa vipande vyangu: diwani gani wewe, nauli inatutoa roho nawe kimya? Nilikuwa naogopa, basi. Kituo pekee cha mafuta katani ni cha kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye pampu zile, hata fulana za kampeni. Sasa baraza lilikuwa na hoja mezani: kiwanja kilicho wazi nyuma ya stendi kijengwe kituo cha gesi ya magari, iliyo nafuu kuliko mafuta. Ikipita, biashara ya kaka itayumba. Nilijipa moyo kwa jambo moja tu, kwamba kura ni ya siri. Ningetumbukiza karatasi yangu na kutoka na uso mkavu.

Siku ya kikao kaka alikuja, akaketi kwenye viti vya wageni, akanipungia mkono. Mjadala ulipamba moto. Mmoja alisema gesi italipua mji. Mwenzake akamjibu kwamba yeye hupikia gesi kila siku na nyusi zake zote mbili bado zipo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ndipo mwenyekiti, tuliyembandika jina la Bwana Utaratibu, akanigeukia.

"Mheshimiwa, kaka yako anauza mafuta. Kanuni inasema anayefaidika na kura atoke nje. Tupishe."

Alidhani nitamlinda kaka. Kumbe kwa mjadala ule tulikuwa nusu kwa nusu; bila mimi, hoja ingeanguka. Damu ikanichemka.

"Anayefaidika, mwenyekiti. Siyo anayeumia."

"Na tutajuaje kama unaumia, wakati kura ni ya siri?"

Hapo alinibana. Ili nibaki ukumbini, ilinibidi niitoe siri yangu mbele ya kaka. Nikasimama, nikamtazama kaka badala ya mwenyekiti.

"Naunga mkono gesi. Nyumba yetu itapata hasara. Andikeni hivyo."

Hoja ilipita kwa kura moja, yangu. Kaka alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kujaza pikipiki yangu kwake, kama kawaida. Mhudumu wa pampu akainamisha kichwa.

"Dada, samahani. Bosi kasema wewe usiuziwe."

Kaka alikuwa mlangoni pa ofisi yake, kakunja mikono kifuani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu, kama anayetoa mwiba.

"Tangi langu tupu."

"Nenda kwenye gesi yako."

"Haijajengwa bado."

"Basi sukuma."

Iliniuma mno. Nilitaka kulia palepale, mbele ya wateja waliojifanya wanatazama simu zao. Lakini ningeulizwa tena ukumbini, ningejibu vilevile. Nikashika usukani, nikasukuma.

Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia sauti yake.

"We mtoto! Hicho kituo chenu cha gesi, zabuni ya kukiendesha inatangazwa lini?"

Nikageuka. Alikuwa bado amenuna, ila mikono ameishusha.

"Ikitangazwa, omba kama wengine, kaka. Mimi sikusaidii."

Nikaendelea kusukuma.