Tatu na Ushee

Wifi alikuwa anashona mkanda wa chandarua kwenye ringi ya waya, nami nikimzungushia ringi taratibu. Tulipokaribia pale tulipoanzia, mkanda ukaisha. Likabaki pengo la upana wa kiganja.

"Hatukuuvuta vizuri," alisema.

Tukavuta tena. Pengo halikupungua.

Nyuma yetu mama mkwe alikuwa kitandani, ametoka kwenye malaria ya pili mfululizo. Daktari alisema damu yake haina nguvu ya kubeba ya tatu. Chandarua cha zamani kilikuwa matundu matupu. Tulitaka alale ndani ya hiki kipya leo, na jua lilishazama.

"Ulikata kiasi gani?"

"Ringi ina sentimita sabini katikati. Nikazidisha mara tatu. Fundi aliyenifundisha alisema mzingo ni mara tatu ya upana."

"Tatu kamili?"

Alifikiri, sindano imebanwa midomoni. "Alisema tatu na ushee."

"Basi ushee umeuacha kwa fundi."

"Wifi, sijalala tangu juzi. Nicheke kesho."

Mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kucheka. Nilichukua uzi, nikapima upana wa kifuniko cha sufuria, kisha nikauzungusha ukingoni: mara tatu, na kipande kikabaki wazi. Nikapima ndoo. Hadithi ile ile. Nilikata uzi wa urefu wa kile kipande, nikaulaza juu ya upana wa ndoo. Uliingia karibu mara saba.

"Ushee ni kama sehemu ya saba ya upana," nilisema. "Kwa sabini, ni kumi."

Akaweka rula kwenye pengo. Kumi.

"Na ringi ingekuwa kubwa kama nyumba?"

"Ushee nao ungekua."

"Nyie," mama mkwe aliita, "mnapima ndoo au mnanishonea?"

"Tunashona, mama."

"Haya. Mbu wenyewe hawapimi."

Kitambaa cha wavu kilikuwa kimekwisha, na maduka yamefungwa. Tukakitundika chandarua hivyo hivyo. Chini marinda ya wavu yalipishana, hayakuacha nafasi. Juu, pengo tukaliziba kwa foronya na vibanio vya nguo. Wifi akavuta kigoda upande ule, gazeti mkononi, akaanza kupunga.

"Kalale," aliniambia. "Asubuhi ukanunue wavu, tukate kumi na mbili. Mbili za mshono."

Nikaichomeka sindano kwenye mkanda, pale tulipoishia.