Kihenge cha Miguu Mitatu

Foleni ya unga kwa Mama Rozi ilikuwa imefika barabarani, na Elina alisimama humo huku moyo wake ukiwa chuoni. Kazi ya kurudia ilitakiwa saa sita mchana, la sivyo mwaka wa kwanza auanze upya. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye flashi, haijachapwa. Umeme ulikuwa umekatika Tunduma nzima tangu alfajiri.

"Sembe imepanda tena, msiniulize mimi," Mama Rozi alisema, akibwaga mfuko wa kilo tano mezani. "Tajiri wa mashine kabadili mifuko, basi na bei kabadili."

Elina akautazama mfuko, akauvuta karibu. Mbele palikuwa pamechorwa kihenge cha kuhifadhia mahindi, chenye miguu mitatu na jiwe.

Kile kihenge alikichora yeye. Katika mradi wao wa kwanza wa usanifu, darasa zima waliambiwa wabuni nembo ya mashine ya unga. Yeye akachora kihenge cha bibi yake, kule Momba. Mguu wa nne uliliwa na mchwa, bibi akaegesha jiwe, na Elina akalichora jiwe vilevile lilivyo. Mkufunzi Gibson alimpa alama thelathini na moja. "Hakuna ubunifu. Rudia." Karatasi hakurudishiwa.

"Mama, unga nimiminie kwenye ndoo yako, nitaufuata jioni. Mfuko naondoka nao."

"We mtoto! Wenzio wanalilia unga, wewe unalilia mfuko?"

Ofisini, Mkufunzi Gibson alikuwa anakula mihogo. Elina akautandaza mfuko mbele yake.

"Ticha, hiki ni kihenge cha bibi yangu."

"Vihenge Songwe viko vingi."

"Vyenye miguu mitatu na jiwe?"

Gibson akapangusa vidole, kimoja kimoja. "Elina. Umekuja kusoma, au umekuja kutafuta kesi?"

"Nimekuja kukusanya kazi."

Elina akachukua kalamu nene, akaandika chini ya lile jiwe jina lake na namba yake ya usajili. Akauweka mfuko juu ya kazi za wenzake, akatoka.

"Shoga, umekusanya mfuko wa sembe?" Judith, anayekaa naye chumba kimoja, alimdaka mlangoni. "Umechizika? Si ungemwomba tu akusogezee muda!"

"Muda ni wake. Nembo ndiyo si yake."

Saa saba umeme ukarudi. Saa tisa matokeo yakabandikwa ubaoni, wanafunzi wakasukumana. Jina la Elina lilikuwa la mwisho. Sifuri. Pembeni, kwa wino mwekundu: *Amenakili kazi ya mtu.*

"Mtu gani sasa?" Judith akauliza.

Elina akaomba kalamu, na mbele ya watu wote, palepale baada ya neno la mwisho, akaandika kwa herufi kubwa: BIBI ENESI SILWIMBA, MOMBA.