Injini Iliyobebwa Mgongoni

Mkunga alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka thelathini na sita, na katika muda huo wote hakupata kumiliki chombo chenye mwendo mkali kuliko baiskeli. Alipostaafu, wenzake wa wodini walidhani atafuga kuku. Yeye akawaambia, kwa sauti ileile aliyoitumia kuwatoa waume chumbani, kwamba atanunua gari la spoti: jekundu, lenye viti viwili, na injini yake ikae nyuma ya viti, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Aliliona la namna hiyo ujanani, limeegeshwa mbele ya hospitali, na tangu siku hiyo hakulisahau, ingawa hakulitaja kwa mtu.

Kaka yake mkubwa, ambaye mji mzima ulimwita Spana, alitengeneza malori maisha yake yote, na katika imani yake gari lisiloweza kubeba tani saba lilikuwa pambo. Aliposikia habari za dada yake hakugombana naye. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, ndipo akaweka sharti. Atakwenda kulikagua gari hilo mwenyewe. Akisema ndiyo, atalitunza kwa mikono yake mpaka siku atakayozikwa. Akisema siyo, neno limekwisha, wala halitarudiwa mezani.

Mkunga aliridhia. Alijua kwamba kaka yake hajapata kusema uongo juu ya chuma, na kwamba hapakuwa na fundi mwingine ambaye angemkabidhi gari akaenda zake kwa amani. Lakini alijua pia jambo la tatu, nalo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki: Spana alikwisha kusema siyo moyoni mwake kabla hajaliona.

Muuzaji alikuwa mpiga picha za harusi, kijana nadhifu wa mavazi, mwenye kucha safi. Gari lilikuwa uani kwake, chini ya paa la bati, linang'aa kama tunda lililooshwa. Spana aliamkiwa, akaitikia, akaenda moja kwa moja mbele ya gari na kuinua boneti. Ndani mlikuwa na tairi la akiba, jeki na mwavuli.

Kisha akageuka polepole.

"Dada," akasema, "wengine huuziwa mbuzi kwenye gunia. Sisi tumeuziwa gunia."

Mpiga picha akamkumbusha kwa adabu kwamba injini iko nyuma. Spana alijua hivyo. Njiani kote hakuzungumza jambo jingine. Lakini mkono uliofungua maboneti kwa miaka arobaini hauombi ruhusa kwa kichwa. Ili kuificha aibu yake, akatangaza kwamba mtu mwenye akili huanza mbele makusudi, apate kujua kama gari limewahi kugonga kitu. Na kwa kuwa alikwisha kulisema, ikambidi alitende. Akachunguza nati za mabawa yanayofunika magurudumu, kama rangi zake zimechubuka, akalinganisha taa ya kushoto na ya kulia, akapitisha kidole penye maungio. Hakuona kosa, na ilionekana kwamba jambo hilo lilimuudhi.

Hapo akatandika gunia, akalala chali, akaingia chini. Sauti yake ilitoka huko kama ya mtu aliye kisimani. Alieleza kwamba rejeta ya gari hili iko puani na injini iko mgongoni, hivyo maji husafiri urefu wote wa gari kwenda na kurudi, na mabomba yanayoyapitisha yameanza kuliwa na kutu. Alipotoka akaonyesha matairi ya nyuma, yaliyolika upande wa ndani ambako mnunuzi mvivu hachungulii. Mwisho akatia mkono katika matundu ya hewa ya ubavuni, akatoa konzi ya majani makavu, akamwekea mpiga picha kiganjani.

"Mtoto wa mbele hupigwa na upepo usoni," akasema. "Huyu amebebwa mgongoni, hupumulia mbavuni. Nawe umemziba pua."

Mpiga picha aliyatazama yale majani kama mtu aliyepewa barua ya mahakama.

Mkunga alikuwa amesogea nyuma ya gari. Aliweka kiganja chake juu ya kifuniko cha nyuma, akakikuta kina joto. Katika wodi yake walikuwako wanawake waliokunywa maji ya barafu kabla ya kupimwa homa ili waruhusiwe kurudi nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyefaulu kumdanganya.

"Mwanangu, gari hili umeliwasha leo?"

Akajibu kwamba alilisogeza kidogo tu kutoka barabarani.

"Kulisogeza hakuleti joto la namna hii."

Kijana akatazama viatu vyake. Mkunga hakumkemea. Alimwambia tu kwamba watarudi kesho asubuhi, na kwamba asimwamshe mgonjwa kabla daktari hajafika.

Lilibaki swali moja katika daftari la Spana, ambalo kwa desturi yake lilikuwa la kwanza lakini lile boneti lilimvuruga: kwa nini linauzwa? Mpiga picha alisema amelichoka, na alilisema upesi mno. Spana alikuwa anataka kumbana zaidi, mara mke wa kijana akatokea mlangoni na sinia la maji ya kunywa. Mkunga alimtazama alivyoteremka ngazi mbili, mkono mmoja kiunoni.

"Mimba ya miezi sita?" akamuuliza kwa sauti ya chini alipopokea bilauri.

"Mitano, mama."

"Basi wamo wawili."

Mume na mke wakatazamana. Habari ile hawakuwa wamempa mtu yeyote isipokuwa daktari wao. Spana akatoa kalamu, akalifuta swali katika daftari.

"Viti viwili, roho nne," akasema. "Hapo sina la kuuliza."

Kesho yake walifika umande ukiwa bado juu ya kioo. Spana aliligusa gari nyuma, akalikuta baridi kama jiwe la mtoni. Akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Injini ilinguruma, ikatulia. Na ndani ya kutulia huko ikasikika sauti nyingine: tak, tak, tak, kama mtu agongaye mlango wa nyumba isiyo na wenyewe.

Spana akaizima. Mkunga alimtazama usoni akitarajia ushindi, akaona huzuni.

"Dada, hiyo ni beringi ya ndani. Sauti hiyo nimezika nayo malori kumi na moja."

Mpiga picha akakiri yote bila kuulizwa. Mlio huo ulikuwako kila asubuhi, na ulipotea injini ilipopata moto. Fundi mmoja alimwambia kwamba injini inakufa, naye tangu hapo akawa analipasha moto kabla ya mtu kuja kuliona. Hakuwa na raha nalo, akasema. Kila alipolisifu mbele ya wanunuzi alijisikia kama anampaka poda maiti.

Mkunga alihisi gari lake likimponyoka, pamoja na zile asubuhi zote alizokwisha kujiwekea ndani yake. Sharti lilikuwa sharti, na kaka yake alikuwa tayari amefungua mdomo. Basi akafungua mkoba wake. Humo, kati ya miwani na leso, mlikuwa na kile kipembe cha mbao ambacho kwacho alisikiliza mioyo ya watoto tumboni kwa miaka thelathini na sita. Hakuweza kukiacha nyumbani, kama vile wengine wasivyoweza kuacha funguo.

"Dada, hilo halizai," akasema Spana.

"Nyamaza kidogo, kaka. Hapa ni chumbani kwangu."

Akamwamuru aiwashe tena. Wanafunzi wake wote aliwafundisha jambo moja kabla ya mengine: usikilizapo moyo wa mtoto, shika na kifundo cha mkono wa mama, maana mjinga husikia mapigo ya mama akayaandika kuwa ya mtoto. Hivyo akafunua kifuniko cha nyuma, akaweka kiganja cha kushoto juu ya injini yenyewe, apate kuuhisi mpigo wake, na kwa mkono wa kulia akakigandamiza kipembe, akainamisha sikio.

"Kanyaga mafuta kidogo."

Spana akainama mlangoni, akakandamiza pedali ya mafuta kwa mkono, na injini ikakaza mwendo chini ya kiganja cha dada yake. Ile tak-tak haikuifuata. Ilitatarika, ikanyamaza kabisa, ikarudi pale Spana alipoachia. Mkunga akahamisha kipembe kidogokidogo, kushoto, chini, mpaka karibu na ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, na hapo sauti ikampiga sikioni kama nyundo.

"Zima," akasema akiinuka. "Injini ndiyo mtoto, naye hana neno, anakwenda sawasawa. Hii inatoka kwa mama, kwenye mwili wa gari. Angalia hapa chini, karibu na ekzosi."

Spana akatandika gunia lake bila kubisha. Alikaa huko muda mrefu, tochi ikimulika huku na huku, miguu yake tu ikionekana. Kisha miguu ikaanza kutikisika, na kicheko kikatoka chini ya gari. Bati linalokinga joto la ekzosi lilikuwa limepoteza nati moja. Likiwa baridi lilicheza. Likipata moto lilitanuka, likabana, likanyamaza. Akalifunga kwa waya, akatoka, akawasha. Tak-tak haikusikika tena, na ukimya huo ulikuwa mtamu.

Mpiga picha alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kila mtu aliona kwamba sasa angeweza kuipandisha bei. Badala yake akasema bei ni ileile, na mabomba ya maji na matairi mawili ya nyuma ni juu yake, maana jana alikuwa anauza gari na aibu pamoja, na leo anauza gari tu.

Wote wakamtazama Spana, aliyekuwa bado anadaiwa neno. Akajibu kwamba hawezi kutoa hukumu juu ya kitu asichokikalia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akajikunja, akaingia, akaenda nalo. Walimsikia akizunguka mtaa mara moja, kisha mara ya pili, kisha mara ya tatu, ambayo haikuwa ya ukaguzi.

Aliporudi alizima injini, akafungua mlango, asitoke. Kiti kilikuwa chini mno, tumbo lilikuwa limeuzoea usukani, na magoti yalikuwa karibu na masikio. Mpiga picha akamkimbilia, akamshika mkono kuvuta.

"Mwache," akasema Mkunga, akikunja mikono ya gauni. "Kaka, usisukume bado. Geuka ubavu. Kichwa kwanza. Pumua. Sasa."

Spana akatoka, kichwa, bega, na vyote vilivyofuata, akatua uani kwa mikono na magoti.

"Na neno lako?" akauliza dada yake.

"Ndiyo," akasema akiwa bado chini. "Lakini Jumamosi naliendesha mimi."

Mke wa mpiga picha alikuwa amejishika tumbo kwa kucheka. Mkunga, kwa mazoea ya miaka thelathini na sita, akatazama saa yake ya mkononi.

"Saa tatu na dakika ishirini," akatangaza. "Wa kiume. Mzito."