Shaba Juu ya Nyuzi

Felician alikuwa na ugomvi na kipande cha chuma. Wenzake pale mtaani Kalangalala waligombana na majirani, na wake zao, na mwenyekiti wa tawi, yaani mambo ya kawaida ya watu wazima. Yeye kila asubuhi alikaa uani, akalilaza gitaa mapajani, akakipitisha kile kipande juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizidonoa. Halafu anakunja uso. "Kinakatika," anasema. "Kinakatika tena, mshenzi huyu!"

Gitaa lake halikupigwa kama magitaa ya wengine. Alikuwa ameziinua nyuzi kwa kibao cha mninga ili zisiguse shingo ya gitaa, na hakuzibana kwa vidole. Kile kipande ndicho kilichoteleza juu yake, na sauti ikapanda na kushuka bila kurukaruka, sawasawa na mtu anayeimba. Kipande chenyewe alikitengeneza kutokana na mtaimbo uliovunjika wa mashine ya kutobolea mwamba, kule mgodini, alikoishika mashine hiyo miaka kumi na mmoja. Alikikata kwa msumeno, akakipiga tupa, akakipiga msasa, akakisugua kwa majivu mpaka ukawa unaona meno yako ndani yake. Kilikuwa na urefu wa kidole cha kati na uzito wa kukushangaza. Bendi ya mgodi ilipokuwa hai, mwimbaji wao Donatus alikuwa akisema uzi wa Felician ukishaguswa, mtu anaweza kwenda kunywa maji na kurudi, akaukuta bado unalia.

Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka sitini na sita. Bendi ikavunjika, wazungu wakaondoka, wachimbaji wakarudi kulima pamba. Felician akabaki na nyumba yake ya mabati, gitaa, na binti yake wa pekee, Scolastika.

Sasa mwaka wa pili ulikuwa umepita, na Scolastika alikuwa anaolewa. Mchumba alikuwa fundi wa mashine ya kuchambua pamba, mtu wa Kishapu, mpole, mwenye meno mazuri. Kanisani walishatangazwa mara tatu. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane binti angeagwa nyumbani kwa baba yake, Jumamosi ndoa, halafu lori lingempeleka kule Kishapu kwenye nchi kame, na baba angebaki peke yake na mabati yake.

Na Felician alikuwa ameweka ahadi. Mama yake Scolastika, marehemu Paskazia, alifariki kwa homa ya uzazi pamoja na kichanga chake, Scolastika akiwa na miaka mitatu. Mtoto hakubakiwa na kitu cha mama kichwani, si sura, si sauti. Alipokuwa na miaka saba alimuuliza baba yake, "Mama alikuwa anaongeaje?"  Unaielezaje sauti ya mtu? Akalichukua gitaa, akapiga wimbo ambao Paskazia alikuwa akimbembelezea mtoto, wimbo wa kwao Ushirombo, mfupi, ambao mwisho wake ulikuwa noti moja ya juu. Paskazia aliivuta noti ile mpaka jirani anaacha kutwanga. Felician alikuwa bado hajaumudu vizuri uzi mwembamba siku hizo, akashindwa, akamwambia mtoto: "Siku ya kuagwa kwako nitakupigia mpaka mwisho wake. Utamsikia mama yako kama alivyokuwa."

Hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Kwa maana noti ile ya mwisho, ambayo chuma kilikuwa kikiivuta vizuri zamani, siku hizi ilikuwa inakufa njiani. Anagusa uzi, inalia, anahesabu moja, mbili, kimya! Paskazia alikuwa anafika saba bila kuhema.

Akaona chuma kimechoka. Akaanza kutafuta. Alikata shingo ya chupa kwa uzi uliochovywa mafuta ya taa, akailainisha kwenye jiwe, akaijaribu. Chupa ilikuwa nyepesi; sauti yake nyororo lakini haina nguvu, inaondoka mapema. Akachukua mfupa wa muundi wa ng'ombe, akauchemsha siku nzima, akautoa uboho. Mfupa ukameza sauti yote, gitaa likawa linalia kama lina mafua. Akarudi kwenye chuma, akakipiga msasa upya. Wapi!

"Baba, mbona kinalia vizuri tu," Scolastika alimwambia siku moja, akiwa amesimama karibu naye kabisa, maana siku hizi ilibidi usimame karibu.

"Usinibembeleze kama mtoto."

Binti akataka kusema jambo, akalimeza, akarudi jikoni.

Hata Donatus alipopita kumsalimia alisikiliza chuma kile na kusema hajaona tatizo. Felician akamwangalia kwa huruma. Alishaanza kuamini kwamba dunia nzima imepata uvivu. Watu siku hizi wanaongea kwa kumung'unya, hata kanisani. Tangu padre aanze kusoma misa kwa Kiswahili ndiyo kabisa, anasoma kwa kunong'ona, utadhani anaiba. Felician alikuwa ameacha kwenda misa ya pili kwa sababu hiyo.

Ni kanisa hilohilo lililompa wazo. Alikumbuka kengele ya misheni ya Ushirombo, ambayo ujana wake aliisikia akiwa ng'ambo ya bonde, ikigongwa mara moja na kuendelea kuvuma mpaka ukaisahau. Kengele ile ilikuwa shaba. Nani amewahi kusikia kengele ya chupa, au ya mfupa? Akajipiga paji la uso. Shaba! Miaka yote hii, mjinga mimi!

Na shaba ilikuwamo ndani ya nyumba. Ndani ya sanduku la Paskazia, chini ya khanga zake, ilikuwamo bangili nene iliyozungushwa mara tatu, nzito ya kuuchosha mkono. Upande wa Paskazia ilipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti wa kwanza. Siku ya kuagwa, mama mdogo humvisha binti mkono wa kushoto, naye hakanyagi nje ya mlango wa baba yake kabla ya kuvishwa. Felician alilijua hilo vizuri, asisingizie kutojua. Alilifungua sanduku Scolastika akiwa kisimani, akaitia bangili mfukoni, akapanda baiskeli.

Buseresere kulikuwa na mhunzi, Mzee Mageni, mtu wa kabila la Warongo, ambaye babu zake waliyeyusha mawe ya chuma kabla mzungu hajafika. Felician alimwamkia shikamoo, akamwekea bangili mkononi, akamweleza anachotaka: kipande cha mviringo, urefu huu, unene huu, bila tundu ndani.

Mzee aliigeuzageuza. "Hii ni ya mtu."

"Ya marehemu mke wangu."

Mhunzi akapaza sauti kidogo. "Hamna binti?"

"Yupo. Ndiye ninayemtengenezea."

"Umemuuliza?"

"Mzee wangu, mimi ni baba yake! Bangili atavaa siku moja aivue. Hiki ninachompa hataweza kukipata popote."

Mzee Mageni akaguna, akamwambia kijana wake afufue moto kwa mivukuto. Shaba ikayeyuka ndani ya chungu kidogo, ikamiminwa kwenye udongo, ikapoa. Akaipiga tupa, akaing'arisha, kisha akaifunga uzi, akaining'iniza mbele ya uso wake na kuigonga kwa msumari.

"Vipi?" Felician akauliza.

Mzee akainua kidole, bado anasikiliza. Felician akasubiri. Akaona babu huyu ana madaha yake, anajifanya anasikiliza kitu ambacho kimeshakwisha. Mwishowe mhunzi akashusha kidole, akamtazama mgeni wake kwa muda mrefu, masikio yake, kisha macho yake. Lakini hawakuwa na undugu, naye akaona si kazi yake kumwambia mtu mzima habari za mwili wake. Akamkabidhi shaba yake, akamtakia safari njema.

Nyumbani aliijaribu kwenye nyuzi nene. Lo! Ilikuwa na joto, sauti imejaa, inavuma mpaka kwenye mapaja. Machozi yalimlengalenga. Uzi mwembamba, ule wa noti ya mwisho, hakuugusa. Alijiambia anautunza kwa siku yenyewe. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Ijumaa ikafika. Ua ulijaa tangu saa nne asubuhi. Generosa, mdogo wake Paskazia, alikuja na basi kutoka Ushirombo kwa kazi yake ya kumtoa binti. Alimvika Scolastika gauni, akampaka mafuta, akamfunga kitambaa, akaenda kwenye sanduku. Akarudi mlangoni mikono mitupu, sauti iko juu.

"Shemeji! Bangili ya dada iko wapi?"

Uani watu wakageuka. Felician alikuwa ameshakaa, gitaa mapajani. Hakuona aibu hata kidogo, na hilo ndilo linalouma ukilikumbuka. Alitabasamu, akainua kile kipande cha njano ili wote wakione.

"Hii hapa. Kaa chini, mama mdogo, usikilize."

Generosa akajishika kichwa. "Umeiyeyusha? Ya mama yetu? Ya bibi yetu? Mtoto atatokaje humu ndani, wewe Felician?"

Scolastika alikuwa amesimama nyuma yake. Aliutazama mkono wake wa kushoto, mtupu, akautia nyuma ya gauni. 

"Sikilizeni kwanza!" Felician akasema, akaanza.

Alipiga vizuri, mpeni haki yake. Wimbo ulipanda na kushuka, wazee wawili wa Ushirombo wakaanza kutikisa vichwa, wameutambua. Akafika mwisho. Akaipeleka shaba kwenye uzi mwembamba, akaudonoa, mkono ukatetemesha kidogo kama Paskazia alivyokuwa akitetemesha koo. Moja. Mbili.

Kimya.

Felician akaiondoa shaba kwenye uzi.  Alikuwa ameyeyusha urithi wa mtoto wake, na sasa mbele ya ukoo mzima amepata sauti ya kuhesabu mbili tu. "Imekatika," akasema. "Hata hii. Hata shaba! Nisamehe, mwanangu, imekatika."

Watu wakatazamana. Donatus akainamisha kichwa. Hakuna aliyesema, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aseme, kama walivyongoja miaka yote.

Scolastika akatoka mlangoni, akavuka ua kabla ya kuvishwa chochote, Generosa akipiga kelele nyuma yake. Akapiga magoti mbele ya baba yake, karibu kabisa, uso kwa uso.

"Haikukatika, baba. Wewe ndiye uliyeinua mkono. Ilikuwa bado inalia."

"Unanibembeleza."

"Sikubembelezi!" Sasa alikuwa analia. "Masikio yako, baba. Ni ile mashine ya mgodini. Unasikia mwanzo tu, unakata. Nimelijua tangu mgodi ufungwe, nikaona aibu. Nitamwambiaje baba yangu kwamba hasikii? Nikawa nakuja kusimama karibu."

Felician aliwatazama watu wa uani, uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ukainama. Ndipo akajua kwamba walijua wote.

"Na kile cha chuma?" akauliza, polepole.

Binti akasita. Angeweza kumdanganya hapo, na pengine hiyo ingekuwa huruma. "Cha chuma ndicho kinachokaa zaidi," akasema. "Shaba ni nzuri, lakini chuma ni kigumu. Siku zote kilikuwa kile."

Baba akafunga macho. Mkononi mwake kile kipande cha njano kilikuwa kimepata joto la kiganja. Alijaribu kukumbuka bangili ilikuwa imezungushwaje, na mistari iliyochorwa juu yake, akashindwa.

"Nipigie tena, baba," Scolastika akasema. "Hukunimalizia."

"Sitaisikia, mwanangu."

"Mimi nitaisikia."

Donatus akaenda ndani, akarudi na kile chuma cha mtaimbo. Felician akaanza wimbo upya, taratibu. Alipofika mwisho, akagusa uzi mwembamba. Ikalia. Moja. Mbili. Ikapotea kwake, lakini safari hii hakuinua mkono. Alikiacha chuma palepale juu ya uzi, akamtazama binti yake usoni. Scolastika alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo. Tatu. Nne. Generosa pale mlangoni alijiziba mdomo kwa khanga. Tano. Felician hakuthubutu hata kuhema, akiungoja uso ule umwambie mke wake amefika wapi, mpaka mwanawe alipofumbua macho, naye akajua kwamba imekwisha.